Alama ya «RASIMU» inayokataa kufutika kwenye waraka wa Word

Swali la msomaji: «Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Tasnifu yangu niliiandika juu ya kiolezo nilichopewa idarani, ambacho kila ukurasa wake una neno RASIMU kwa herufi kubwa za kijivu zilizokaa mshazari nyuma ya maandishi. Msimamizi wangu ameshaipitisha kazi, na sasa natakiwa kuwasilisha nakala safi. Nimebofya amri ya kuondoa alama hiyo, ikatoweka kwenye sura ya kwanza na ya pili, lakini bado ipo kwenye jalada, kwenye kurasa za majedwali ya mlalo na kwenye viambatisho. Nikanakili maandishi yote na kuyabandika kwenye faili jipya, na alama ikaja nayo. Natumia Word 2016 kwenye Windows. Nifanyeje?»

Marahaba. Maelezo yako yana kila kitu ninachohitaji ili kujibu, na hasa umefanya vizuri kutaja kurasa ambazo alama imebaki, kwa sababu kurasa hizo ndizo zinazoeleza tatizo lenyewe. Kwa kuwa umesema msimamizi ameshapitisha kazi, nachukulia kwamba ruhusa ya kuiondoa alama unayo kwa maandishi. Kama bado, ipate kwanza, maana neno hilo liliwekwa ili mtu yeyote asiichukulie kazi ambayo haijapitishwa kuwa imekamilika. Maelezo haya ni kwa waraka ulio wako. Anayetaka kufuta alama kwenye cheti, taarifa ya benki au hati iliyotolewa na mwingine asinisubiri.

Wengi hudhani kwamba alama ya maji, au watamaki kama wengi wanavyoiita, imepakwa kwenye karatasi yote ya waraka, na kwamba ipo moja tu, hivyo ukiiondoa umeiondoa. Katika Word mambo hayako hivyo. Alama hiyo ni mchoro, yaani maandishi ya mapambo ya aina ya WordArt au wakati mwingine picha, uliofungwa ndani ya kichwa cha ukurasa, kisha ukaachwa uning'inie hadi katikati ya ukurasa nyuma ya maandishi yako. Kichwa cha ukurasa hujirudia, na ndiyo maana alama nayo hujirudia. Hii pia ndiyo sababu huwezi kuishika kwa kipanya unapokuwa kwenye maandishi ya kawaida: upo nje ya eneo inamokaa.

Jambo linalosumbua zaidi ni kwamba waraka mmoja hauna kichwa kimoja. Word hugawa waraka katika sehemu, na kila panapowekwa kikomo cha sehemu huanza sehemu mpya inayoweza kuwa na mpangilio wake wa ukurasa, namba zake na vichwa vyake. Ndani ya kila sehemu kuna nafasi za vichwa vitatu: cha kurasa za kawaida, cha ukurasa wa kwanza wa sehemu hiyo, na cha kurasa zenye namba shufwa. Chukua tasnifu ya kawaida kama yako. Jalada ni sehemu moja. Kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi ni ya pili. Sura za mwanzo ni ya tatu. Jedwali la mlalo ni ya nne, kwa kuwa Word haiwezi kulaza ukurasa mmoja bila kuufanyia sehemu yake. Sura zinazofuata baada ya jedwali ni ya tano. Na viambatisho ni ya sita. Sehemu 6 mara vichwa 3 ni vichwa 18. Kama alama ilinakiliwa katika vyote, unatafuta vitu 18, na amri uliyobofya imeondoa baadhi tu.

Vilinakiliwaje? Sehemu mpya inapozaliwa, vichwa vyake huwa vimeunganishwa na vya sehemu iliyotangulia, na ukibadilisha kimoja vyote hubadilika. Lakini mtu anayetayarisha kiolezo cha tasnifu hulazimika kukata muunganiko huo mahali fulani, kwa mfano ili jalada lisiwe na namba, au ili kichwa cha ukurasa wa mlalo kikae katikati ya upana mpya. Anapoukata, Word haiachi kichwa kitupu; huacha nakala ya kila kilichokuwamo, pamoja na mchoro wa alama. Tangu hapo nakala hiyo inajitegemea. Ndiyo maana alama yako imesalia kwenye jalada, majedwali ya mlalo na viambatisho: hizo ndizo sehemu ambazo kwa desturi hukatwa muunganiko na nyingine.

Amri ya «Remove Watermark», inayopatikana chini ya «Watermark» katika kichupo cha «Design», ina upungufu wa aina mbili. Wa kwanza ndio huo wa sehemu: inashughulikia sehemu ambamo kishale kipo pamoja na zile zilizoungana nayo, na huwezi kuitegemea ivuke pale muunganiko ulipokatwa. Wa pili haujulikani sana. Kila mchoro ndani ya Word una jina la ndani, na alama ya maandishi iliyowekwa kwa njia ya kawaida hupewa jina linaloanza na «PowerPlusWaterMarkObject» likifuatiwa na tarakimu, wakati alama ya picha hupewa jina linaloanza na «WordPictureWatermark». Amri ya kuondoa hutafuta majina hayo. Kama aliyetengeneza kiolezo aliandika neno RASIMU kwa WordArt ya kawaida na kuliweka kwenye kichwa kwa mkono wake, au kama waraka umepita kwenye programu nyingine iliyobadilisha jina la mchoro, amri haitautambua kuwa ni alama ya maji, nayo itakaa kimya bila kukupa onyo lolote. Kimya hicho ndicho kinachowafanya watu wabofye amri ileile mara nyingi wakidhani kompyuta imekwama.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya yote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine na ufanye kazi kwenye nakala hiyo, kwa sababu vichwa vya tasnifu vikiharibika siku mbili kabla ya kuwasilisha utajuta. Kisha jaribu njia nyepesi kwanza: weka kishale ndani ya jalada, toa amri ya «Remove Watermark», nenda kwenye ukurasa wa jedwali la mlalo, toa amri tena, nenda kwenye viambatisho, toa tena. Kama tatizo ni la muunganiko peke yake, huenda ukamaliza hapo na usihitaji kusoma aya tano zinazofuata.

Isipofaulu, ingia ndani ya vichwa wewe mwenyewe. Bofya mara mbili kwenye ukingo wa juu wa ukurasa wa jalada. Maandishi ya mwili yatafifia, na kichupo kipya kitatokea upande wa kulia wa utepe chini ya jina «Header & Footer Tools». Katika toleo lako la 2016 kichupo hicho nacho kimeandikwa «Design», kwa hiyo utakuwa na «Design» mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ya kulia ndiyo unayoitaka sasa. Ndani yake ondoa tiki kwenye «Show Document Text», na maandishi ya tasnifu yatafichwa kabisa, ukibaki na vichwa, miguu ya ukurasa na alama yenyewe. Hatua hii ndogo husaidia sana, hasa alama inapokuwa imejificha nyuma ya jedwali au mchoro mkubwa.

Peleka kipanya juu ya herufi za RASIMU hadi kishale kiwe na mishale minne, bofya mara moja, na vitone vya ukingoni vikitokea bonyeza Delete. Herufi hizo zikiwa hafifu mno kiasi kwamba hupati mahali pa kubofya, fungua paneli ya uteuzi kwa kubonyeza Alt na F10 kwa pamoja ukiwa bado ndani ya kichwa. Paneli huorodhesha michoro kwa majina, na humo utaona ama lile jina refu la PowerPlus, ama jina la kawaida kama «WordArt 3», «Text Box 2» au «Picture 5». Bofya jina, kitu chenyewe kitachaguliwa kwenye ukurasa hata kama hukioni vizuri, kisha ukifute. Kuwa mwangalifu kwamba nembo ya chuo nayo huwa ni picha ndani ya kichwa hichohicho, kwa hiyo hakikisha umechagua unachokusudia. Ukikosea, Ctrl na Z zinarudisha.

Ukimaliza jalada, usifunge kichwa. Bofya «Next» katika kichupo hicho na Word itakupeleka kwenye kichwa kinachofuata, iwe ni cha sehemu ileile au ya mbele. Soma lebo ndogo inayoonekana chini ya ukingo wa kichwa: itakwambia kama upo «Header» au «First Page Header» na ni ya sehemu ya ngapi, na upande wa kulia itaandika «Same as Previous» ikiwa kichwa hicho kimeungana na kilichotangulia. Lebo hiyo ndiyo ramani yako. Kila kichwa chenye maneno hayo ya kulia hakihitaji kazi, kwa kuwa kinafuata kilichotangulia. Kila kisicho na maneno hayo lazima ukikague.

Kuna njia ya mkato ambayo mimi naipendelea, ingawa inataka utulivu. Badala ya kufuta alama katika kila kichwa kilichojitenga, safisha kichwa kimoja kizuri, kisha nenda kwenye kichwa cha sehemu inayofuata na uwashe «Link to Previous». Word itauliza kama unataka kufuta kichwa hicho na kukiunganisha na kilichotangulia. Ukikubali, kila kilichokuwamo, pamoja na alama yenye ukaidi, kitaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na kichwa safi. Watu huiogopa njia hii kwa kudhani itavuruga namba za kurasa. Mtindo wa namba, yaani kama ni za Kirumi au za kawaida na zinaanzia ngapi, huhifadhiwa katika sehemu na wala si katika kichwa, hivyo kuunganisha vichwa hakugeuzi xii kuwa 12. Miguu ya ukurasa nayo ina muunganiko wake tofauti, na haiguswi unapounganisha vichwa. Hatari iliyopo ni nyingine: ikiwa chuo chako kinataka namba ikae juu kulia, basi namba hiyo ipo ndani ya kichwa, na ukiunganisha vichwa vyote na kile cha jalada, ambacho hakina namba, kurasa zote zitapoteza namba. Kwa sababu hiyo anza mnyororo kwenye sehemu yenye namba, na jalada ulisafishe peke yake kwa mkono.

Nimekaa sana kwenye vichwa vinavyoonekana, lakini vipo visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyofanya alama irudi baada ya wiki moja mtu akiwa ameshasahau. Kila sehemu ina kisanduku cha «Different First Page», na waraka mzima una kisanduku cha «Different Odd & Even Pages». Visanduku hivi vikizimwa, vichwa vya ukurasa wa kwanza na vya kurasa shufwa havifutwi. Hufichwa tu pamoja na yaliyomo. Mtu wa steshenari anayejaribu kukusaidia kuchapisha pande mbili akiwasha kisanduku cha pili, RASIMU itajitokeza kwenye kila ukurasa wa kushoto. Kwa hiyo viwashe kwa muda visanduku vyote viwili, pita tena kwa «Next» kuanzia mwanzo hadi mwisho, futa utakachokikuta, halafu vizime kama vilivyokuwa. Sehemu fupi hapa zina ujanja wake: sehemu yenye ukurasa mmoja tu, kama ile ya jedwali la mlalo, ikiwashiwa ukurasa wa kwanza tofauti haina mahali pa kuonyeshea vichwa vyake viwili vilivyobaki. Iongezee kurasa mbili tupu kwa Ctrl na Enter, vichwa vyote vitatu vionekane, visafishe, kisha uzifute kurasa hizo.

Umeuliza pia kwa nini alama ilifuata ulipohamishia maandishi kwenye faili jipya. Jibu linatokana na mahali Word inapoweka kumbukumbu za sehemu. Mpangilio wa sehemu, pamoja na vichwa vyake, huhifadhiwa kwenye kikomo kinachoifunga sehemu hiyo. Ulipochagua yote kwa Ctrl na A, ulibeba maandishi pamoja na vikomo vyote vilivyomo katikati, na kila kikomo kilikuja na vichwa vyake na alama zake. Wapo wanaoshauri kuacha alama ya mwisho ya aya usiinakili, kwa kuwa sehemu ya mwisho huhifadhi mpangilio wake humo. Ushauri huo ni sahihi kwa barua au ripoti yenye sehemu moja, lakini kwa tasnifu hautoshi: ingekubidi unakili sehemu moja baada ya nyingine bila kugusa vikomo, kisha uweke vikomo vipya na kupanga namba upya. Ni kazi ndefu kuliko kusafisha vichwa, na sikushauri uifanye.

Ipo silaha nzito, nayo ni mkaguzi wa waraka. Bofya «File», kisha «Info», kisha «Check for Issues», kisha «Inspect Document», na katika orodha itakayotokea acha tiki kwenye «Headers, Footers, and Watermarks» peke yake. Ukishakagua na kubofya «Remove All», Word itafuta vichwa vyote, miguu yote na alama za maji katika sehemu zote bila kukuuliza juu ya hiki au kile. Namba za kurasa zitaondoka, nembo itaondoka, na mistari ya mapambo pia. Kwa mkataba wa kurasa tano ningeitumia bila kusita. Kwa tasnifu naiona ni njia ya mwisho, unapokuwa umeshindwa kabisa na uko tayari kuweka namba upya sehemu kwa sehemu.

Hali nyingine huenda zisikuhusu wewe, ila zinawapata wengi, na si zote zinazotibika ndani ya vichwa. Ili kujua unashughulika na ipi, linganisha skrini, onyesho la kuchapisha unalolipata kwa Ctrl na P, na karatasi yenyewe. Kinachoonekana kwenye skrini lakini hakipo kwenye onyesho la kuchapisha, mara nyingi ni usuli wa ukurasa uliowekwa kwa «Page Color», ambao kwa kawaida Word haiuchapishi. Unauondoa kwa kuchagua «No Color» katika amri hiyohiyo. Kisichokuwepo kwenye skrini wala kwenye onyesho, lakini kikatokea kwenye karatasi, hakimo kwenye faili lako. Hicho ni cha printa: programu nyingi za kuendesha printa zina sehemu yao ya alama ya maji ndani ya «Printer Properties», na mtu mmoja akiiwasha kwenye kompyuta ya ofisi, kila anayechapisha kutoka hapo hupata neno hilo hadi litakapozimwa. Na lile tangazo la pembeni mwa skrini linalokudai uwezeshe Windows halina uhusiano wowote na waraka wako, ingawa wapo waliowahi kuniletea tasnifu wakidhani limo ndani yake.

Kama ukibofya kwenye ukingo wa juu kichwa kinakataa kufunguka na vitufe vya utepe vimepauka, waraka umewekewa kizuizi. Nenda «Review», kisha «Restrict Editing», na utazame chini ya paneli kama kuna kitufe cha «Stop Protection». Ikidaiwa nywila, mwombe aliyekupa kiolezo. Idara zinazotumia violezo vilivyofungwa huwa na mtu anayeitunza. Programu zinazodai kuvunja nywila hizo zikae mbali na kompyuta yenye tasnifu yako.

Alama ikitokea hata kwenye waraka mpya ambao hujaandika neno, tatizo liko kwenye kiolezo mama cha Word kinachoitwa Normal.dotm. Funga Word, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye mstari wa anwani wa dirisha la mafaili, badilisha jina la faili hilo, na Word itajitengenezea jipya ukiifungua tena. Katika baadhi ya mashirika, hata hivyo, alama hurudi kwa sababu nyingine: waraka umepewa daraja la usiri kupitia kitufe cha «Sensitivity» katika kichupo cha «Home», na daraja hilo ndilo linaloagiza alama iwekwe. Hapo kufuta mchoro hakusaidii kitu, kwa kuwa programu itaurudisha; kinachotakiwa ni mwenye mamlaka kubadilisha daraja la waraka.

Waraka uliogeuzwa kutoka PDF ni hadithi tofauti. Word inaweza kufungua PDF tangu toleo la 2013, lakini PDF haina vichwa vya ukurasa kwa maana hii, hivyo alama inaweza kuingia kwenye mwili wa waraka kama mchoro mmoja kwa kila ukurasa. Tumia «Select», kisha «Select Objects» katika kichupo cha «Home», uishike na kuifuta ukurasa kwa ukurasa. Ikiwa PDF ilitokana na karatasi iliyoskaniwa, ukurasa mzima ni picha moja na alama imo ndani ya picha hiyo pamoja na maandishi. Tafuta nakala asilia badala ya kupoteza muda. Vilevile, kama alama ni jina la programu iliyogeuza faili likisema ni toleo la majaribio, basi hilo ni suala la leseni: nunua, au tumia programu nyingine ya bure.

Kwa wasomaji wanaotumia LibreOffice, ambayo imekuwa na amri ya alama ya maji katika menyu ya «Format» tangu toleo la 5.4 la mwaka 2017, huko nako alama hukaa kwenye kichwa cha ukurasa. Fungua «Format», kisha «Watermark», futa neno lililomo kwenye kisanduku, na ubofye OK. Tofauti ni kwamba LibreOffice hutumia mitindo ya kurasa mahali ambapo Word hutumia sehemu, hivyo faili la Word lenye sehemu sita likifunguliwa humo litakuwa na mitindo kadhaa, na kila mmoja unahitaji kutazamwa.

Turudi kwako. Utakapodhani umemaliza, kuna namna ya kuhakikisha bila kubahatisha. Faili la docx, muundo ulioanza kutumika na Word 2007, kwa kweli ni kifurushi cha zipu chenye mafaili madogo ndani yake. Chukua nakala ya tasnifu, ifanye Windows ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili, badilisha .docx kuwa .zip, na ukifungue kifurushi. Ndani ya folda iitwayo word utakuta mafaili yenye majina header1.xml, header2.xml, header3.xml na kuendelea, na hapo ndipo utakapoona kwa macho yako jinsi waraka mmoja ulivyo na vichwa vingi. Yafungue moja moja kwa Notepad na kutafuta kwa Ctrl na F neno «Watermark», kisha neno «RASIMU» lenyewe. Faili litakalokuwa bado na mojawapo ya maneno hayo litakuonyesha kwamba kuna kichwa ulichokiruka. Usirekebishe chochote humo. Rudi Word, washa vile visanduku viwili, na umtafute mkimbizi wako.

Ukishapata vichwa safi, usipeleke docx steshenari. Kompyuta ya pale inaweza kuwa na toleo jingine la Word au kukosa fonti uliyotumia, na mpangilio wa kurasa ukabadilika hata kama alama haipo. Hifadhi kama PDF ukiwa kwenye kompyuta yako, fungua PDF hiyo, na uipitie yote, ukianza na jalada, majedwali ya mlalo na ukurasa wa kwanza wa kila kiambatisho. Pale dukani mwombe mchapishaji akutolee ukurasa mmoja kwanza kabla ya kuchapisha nakala zote. Neno likitokea kwenye ukurasa huo ilhali PDF ni safi, ni printa yao, na dawa yake umeshaisoma hapo juu.